Amana ya Njia

Nilipoanza kazi katika afisi moja ya mipango miji mwaka 1979, kijana mwenye cheti kipya na hamu kubwa ya kuchora, mpango mkuu wa tatu wa Dar es Salaam ndiyo kwanza umetoka, na mkubwa wangu wa kazi, mtu mpole mwenye staha nyingi na maneno machache, alinikabidhi juzuu zake na ramani zake akaniamuru nizisome zote kabla sijagusa karatasi nyeupe. Nikazisoma kwa utulivu. Katika kabati lile lile la chuma, lililokwisha kuanza kuota kutu kwa hewa ya bahari, nikaukuta na mpango wa mwaka 1968, ulioandikwa na wataalamu wa Kanada kama huu wa tatu, na chini yake ule wa mwaka 1949, wa zama za Waingereza, ambao kurasa zake zilikwisha kugeuka manjano na kuliwa pembeni na wadudu.

Mipango mitatu ndani ya miaka thelathini si michache kwa mji wowote, wala sithubutu kusema kwamba walioiandika walipungukiwa na maarifa. Waliona dhahiri kwamba mji umeketi kando ya bandari na kutandaza njia kuu nne, ya Bagamoyo kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Pugu kupitia uwanja wa ndege, na ya Kilwa kusini. Na walijua kwamba watu watajenga wakizifuata njia hizo, madhali mtu asiye na gari hukaa mahali basi linapofika, au mahali anapotumaini kwamba litafika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji huu, na ile ya 1978 ikaonyesha kwamba idadi hiyo imezidi mara mbili katika muda wa miaka kumi na mmoja. Kilichonishughulisha tangu siku hizo, na kinachonishughulisha hata sasa nikiwa mstaafu, hakikuwa usahihi wa ramani bali utunzaji wake, kwa maana katika afisi yetu walikuwapo wachoraji hodari, wapima ardhi, makarani na madereva, lakini hakuwapo hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutoka kila mwaka, akiwa na ramani mkononi, kwenda kutazama kama ukanda ulioachwa kwa ajili ya njia ya baadaye ungali wazi.

Kwa hiyo neno langu katika karatasi hizi ni hili: kupanga usafiri wa mji unaokua ni kuweka amana, ambayo kizazi kimoja hukiwekea kizazi kingine kisichopata kuonana nacho, na amana isiyokuwa na mwekwa amana hupotea hata kama hati yake imeandikwa kwa ufasaha na kutiwa mihuri yote. Sikulipata neno hili vitabuni. Nimelipata kwa kuishi katika mji mmoja na kufanya kazi ya aina moja muda mrefu kiasi cha kuyaona mambo yakianza, yakiharibika, na mengine yakitengenezwa upya kwa gharama maradufu.

Siku hizo usafiri wa mjini ulikuwa mikononi mwa shirika la umma. Kampuni ya DMT, iliyokuwa ikiendesha mabasi tangu enzi ya ukoloni, ilitaifishwa, na mwaka 1974 shughuli zake zikagawanywa, za mikoani zikaenda KAMATA na za mjini zikaenda Usafiri Dar es Salaam, ambalo kila mtu alilijua kwa jina la UDA. Wazee wenzangu hawajayasahau mabasi ya Ikarus yaliyotoka Hungaria, marefu, yenye kiungo katikati, tuliyoyaita kumbakumba. Nauli ilipangwa na serikali, nayo ilipangwa iwe ndogo kwa nia njema kabisa, ili mfanyakazi wa kiwandani na mwuza mchicha wa Kariakoo wasishindwe kusafiri; bali tairi, pampu na betri zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970 na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Basi lililoharibika likaegeshwa uani kungoja kipuri, lililoegeshwa likavuliwa kipuri ili jingine litembee, na lililotembea likabeba mzigo wa mawili hata nalo likachoka kabla ya wakati wake.

Abiria wakawa wanasimama kituoni Magomeni tangu alfajiri hata jua linachomoza, bila kujua kama basi litakuja saa hiyo au baada ya saa mbili. Watu wenye magari madogo ya mizigo, yaliyotiwa mabenchi na turubai, wakaona haja hiyo wakaanza kuwabeba kinyume cha sheria. Magari hayo watu waliyaita chai maharage, na polisi waliyafukuza mitaani huku abiria wenyewe wakiwaombea madereva wanusurike. Mwaka 1983 serikali iliwaruhusu watu binafsi kuendesha mabasi madogo mjini kwa leseni, na hapo ndipo daladala zilipopata uhalali. Wengine husema kwamba UDA ilishindwa kwa kuwa ni mali ya umma. Mimi naamini kwamba ilishindwa kwa sababu nauli isiyotosha kulinunua basi litakaloshika nafasi ya hili lililochakaa haikuwa nauli nafuu, bali ilikuwa deni, na deni hilo maskini walilipa baadaye, kwa kusimama kituoni.

Katika miaka ya 1990 nilitumwa pamoja na vijana wa afisi kuhesabu abiria katika Barabara ya Morogoro, na kituo changu kilikuwa Manzese. Kazi yenyewe ni ya subira tu: unakaa na daftari lenye mistari, kila abiria apandaye unamtilia kijiti, cha tano unakikata juu ya vinne vya kwanza, na kila baada ya robo saa unaanza ukurasa mpya. Tulikuwa tukianza baada ya adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo iliyokuwa saa ya wanafunzi, watoto wenye mashati meupe na kaptura au sketi za bluu, wenye nauli yao ndogo wameifumbata kiganjani, na konda wa kipanya kimoja akaziba mlango kwa mkono wake akitangaza, “Wanafunzi wawili! Wawili tu!” Akaingia wa kwanza, akaingia wa pili. Wa tatu alikuwa binti mdogo asiyezidi miaka tisa, na mama mmoja aliyekwisha kuketi ndani, beseni lake la vitumbua limefunikwa kitambaa mapajani, akasema, “Mwanangu, na huyo mdogo mpandishe, nitampakata.” Konda akamjibu, tena kwa adabu, “Mama, nami nina hesabu ya watu.” Gari likaondoka. Yule binti alisimama pale hata nilipofunga ukurasa wangu wa nne wa asubuhi ile, nami sikuwa na safu katika daftari ya kumwandikia mtu aliyekuwapo lakini hakupanda.

Konda yule nilimkuta baadaye mchana akinywa chai kibandani, gari lao likiwa linazibwa pancha, nikamwuliza habari za wanafunzi. Hakukasirika. Alinieleza kwamba kila jioni tajiri wa gari hupokea hesabu yake, kiasi kilichopatanwa, kisichopungua kwa mvua wala foleni wala msiba. Kwamba mafuta, pancha na faini hutoka katika kinachobaki. Na kwamba kinachobaki baada ya hayo ndicho dereva na yeye wanachogawana, na siku nyingine hakibaki kitu. “Mzee,” akaniambia, “mwanafunzi anakaa kiti cha mtu mzima kwa nauli ya kipande. Tukipakia kumi asubuhi, sisi leo tumefunga.”

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuwasikiliza kwa furaha wale waliotuambia barazani kwamba shida ya usafiri wa Dar es Salaam ni utovu wa adabu wa makonda. Ukiitazama hesabu ile kwa makini utaona kwamba takriban kila adha ambayo abiria wanailalamikia imezaliwa nayo. Gari haliondoki kituoni mpaka lijae, kwa kuwa kuondoka na viti vitupu ni kumlipia tajiri kutoka mfukoni mwako. Likishajaa halisimami njiani, na kwa hiyo mtu akaaye katikati ya njia hapati gari ijapokuwa mia yanampita. Likikuta foleni mbele hukatisha ruti na kuwashusha abiria nusu ya safari, kisha hugeuza kutafuta wengine. Hukimbizana na mwenzake kwa sababu abiria aliye kituo cha mbele ni wa yule atakayefika kwanza. Usiku, abiria wakipungua, huenda kulala, na muuguzi atokaye zamu Muhimbili hujua mwenyewe atakavyofika kwake Mbagala. Hata deiwaka, kijana anayeshika usukani wa mwingine kwa saa chache ili apate cha siku, na mpiga debe anayelipwa kwa kuita watu ambao wangepanda hata bila kuitwa, ni watu waliopata riziki katika nyufa za mpango huo mmoja.

Serikali iliweka kanuni nyingi, na baadhi yake zilikuwa na faida. Mistari ya rangi ubavuni mwa magari ilimsaidia hata asiyejua kusoma kulitambua gari la kwao. Sare iliwapa makonda heshima fulani. Leseni za njia zilizuia vurugu za namna namna. Lakini hakuna kanuni iliyoigusa hesabu, na madhali hesabu ilibaki, tabia ilibaki. Nilipopata kusoma kwamba katika mji wa Bogotá, Kolombia, mabasi ya TransMilenio yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2000 yalilipwa kwa kadiri ya kilomita yalizotembea na si kwa idadi ya vichwa yalivyobeba, niliirudia aya ile mara nyingi, maana niliona kwamba huko walikwisha kutambua kwamba dereva anayelipwa kwa kilomita hana sababu ya kumkimbilia abiria wala ya kumkimbia mwanafunzi.

Wazo la kuleta mabasi ya namna hiyo Dar es Salaam lilianza kujadiliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Halmashauri ya Jiji. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, ambao wengi huuita DART, uliundwa mwaka 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012, na mabasi yakaanza kubeba abiria mwezi Mei 2016. Mtu asiye na insafu atasema kwamba miaka yote hiyo ilipotezwa bure, nami siwezi kumwunga mkono, kwa kuwa nimeziona kazi zilizomo ndani yake: mikopo ina masharti, fidia ina mabishano, kesi zina mahakama, na mchoro mmoja wa kituo hupita mezani mwa watu wengi kabla ya kupata sahihi. Hata hivyo ni haki kutazama mji ulifanya nini wakati sisi tunaandika. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,487,288 katika Dar es Salaam. Ya 2012, mwaka ambao ujenzi ulianza, ilihesabu 4,364,541. Na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mradi uliowaziwa kwa ajili ya mji mmoja ulizaliwa katika mji mwingine unaokaribia kuuzidi mara mbili.

Katika muda huo mawaziri walibadilika, mameya walibadilika, washauri walikuja na vitabu vyao wakaondoka, na kila aliyeingia alitaka aelezwe upya tangu mwanzo. Waliokuwa wakikumbuka kwa nini kituo fulani kilichorwa mahali fulani walikuwa watu wa daraja la chini, makarani na wachoraji, nao walipostaafu waliondoka na kumbukumbu zao. Mji wa Curitiba huko Brazili, ambao watu wa fani yetu huutaja sana kwa sababu ya njia zake za mabasi zilizofunguliwa mwaka 1974, aghalabu husifiwa kwa ajili ya meya wake Jaime Lerner, na sifa hizo anastahili. Ila mimi nawasihi vijana watazame nyuma kidogo, mwaka 1965, wakati mji huo ulipounda taasisi ya utafiti na mipango iitwayo IPPUC, ambayo Lerner mwenyewe aliitumikia kabla ya kuwa meya, na ambayo imeendelea kuwapo baada ya mameya wengi kupita. Njia zilikuja miaka tisa baada ya mtunzaji wake kuwekwa. Sisi aghalabu hujenga njia kwanza.

Sasa niseme juu ya ardhi, maana hapa ndipo moyo wangu umeumia zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, ili kupisha upanuzi wa barabara. Nilikwenda Kimara siku chache kabla ya kuvunjwa, si kwa kazi, kwa kuwa nilikwisha kustaafu, bali kumtazama jamaa yangu. Alama ya X nyekundu ilikuwa imepigwa kwenye kuta, juu ya rangi ya chokaa, juu ya milango ya maduka, na katika nyumba moja ilipita juu ya dirisha hata wino wake ukachuruzika kiooni. Jirani wa jamaa yangu, mzee wa makamo yangu, alinikaribisha barazani akaniletea mfuko wa plastiki aliohifadhi karatasi zake: stakabadhi za kodi ya jengo, ankara za maji, ankara za umeme, zote zimepangwa kwa miaka na kufungwa kwa mpira. “Ndugu yangu,” akasema, “wewe umefanya kazi za ardhi. Kama hapa ni barabara, hizi zote nilikuwa nikilipia nini?”

Sikuwa na jibu la kumpa lililo na faraja. Sheria ilikuwapo, tena ya zamani, na ukanda wa hifadhi katika sehemu hiyo ni mpana sana, zaidi ya mita mia moja kila upande. Kwa hiyo waliokuja na tingatinga walikuwa na karatasi zao. Lakini yeye naye alikuwa na karatasi zake. Afisi moja ilimwunganishia maji, nyingine ikampa nguzo ya umeme, nyingine ikamtoza kodi kwa uaminifu kila mwaka, na hakuna hata moja iliyomwambia, siku aliyoweka msingi, kwamba hapa pana amana ya watu wengine. Nguzo ndogo ya zege yenye alama ya hifadhi ya njia, iliyosimikwa kila mita hamsini na kutazamwa kila mwaka na mtu mwenye baiskeli, ingegharimu kiasi ambacho hakistahili hata kutajwa mbele ya gharama ya kuvunja, mbele ya kesi zilizofuata, na mbele ya machozi ya mtu anayeanza maisha upya akiwa na umri wa kupumzika.

Mtu akidhani kwamba kuutunza ukanda kwa muda mrefu hakuwezekani katika nchi yetu, na aende Stesheni. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, zama za Wajerumani. Mwaka 2012, usafiri ulipokuwa mgumu kupita kiasi, treni za abiria wa mjini zilianza kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na watu wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri aliyezisimamia. Kwa sehemu ya safari treni hizo zilipita juu ya tuta lile lile lililotiwa na vibarua wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Reli ilikuwa na wenyewe, wenye afisi, wenye daftari, wenye watu wa kutembea juu ya mataruma kukagua, na kwa ajili hiyo njia ilipohitajika kwa kazi ambayo waanzilishi wake hawakuiwaza, ilikuwapo.

Juu ya Jangwani sitasema mengi, kwa kuwa mengi yamekwisha kusemwa. Wazee wa Magomeni na Kariakoo wote wanajua kwamba mto Msimbazi hudai bonde lake la Jangwani kila mvua nzito zinapokuja, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengine hadi Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa bondeni humo humo, na maji yakaifuata. Kumbukumbu ya mahali ni sehemu ya mpango.

Siku za mwanzo za mwendokasi, kama watu walivyoyaita mabasi hayo, mwaka 2016, nilisafiri kutoka Kimara mpaka Kivukoni bila haja yoyote huko Kivukoni. Nilitaka kuona. Mabasi yalikuwa 140, marefu ya mita 18 yakiwa 39 na ya mita 12 yakiwa 101, na nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Safari ambayo asubuhi ya siku za foleni ilikuwa ikila saa mbili na zaidi ilimalizika kabla ya saa moja kutimia. Lakini lililonigusa kuliko mwendo lilikuwa pale Manzese, kituo kile kile nilichohesabia abiria zamani, ambapo mtu mwenye ulemavu wa miguu alikuja kwa kiti chake cha magurudumu, akapanda mteremko wa kituo kwa mikono yake mwenyewe, akangoja mlango ufunguke, na kwa kuwa sakafu ya kituo na sakafu ya basi zilikuwa sawasawa, akaingia kama wengine, bila kubebwa, bila kuomba, bila kumshukuru mtu. Mama mmoja akasogeza mfuko wake kumpisha. Ule ndio uadilifu nilioutafuta katika michoro maisha yangu yote, na ulikuwa umepatikana kwa kupima kimo cha sakafu mbili.

Kwa haki mji ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018. Lakini mpango ulikuwa umekadiria mabasi 305 kwa awamu ile ya kwanza, na yaliyokuwapo hayakufika hesabu hiyo. Watu wakaongezeka, mabasi yakachakaa, na asubuhi za Kimara vijana wakaanza kuingia kwa madirisha huku wajawazito na wazee wakibaki nyuma. Njia ya Mbagala nayo, yenye vituo na lami na taa zake, ilikaa muda ikiwa imekamilika pasipo mabasi ya kuitumia. Niliyaona hayo kwa majonzi ya mtu anayeutambua ugonjwa wa zamani, kwa kuwa ndiyo habari ya UDA iliyorudi katika nguo mpya: tumenunua chombo bila kuweka akiba ya chombo kitakachofuata, na tumefungua njia bila kuamua mapema nani ataitumikia na kwa ujira gani.

Na wale waliokuwapo kabla? Daladala ziliondolewa kwa hatua katika sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro, na wamiliki wake walishirikishwa kupitia vyama vyao. Katika mji wa Johannesburg, Afrika Kusini, ambako mabasi ya Rea Vaya yalianza mwaka 2009 baada ya mivutano mikali, wenye teksi walisalimisha magari yao wakawa wenye hisa katika kampuni ya mabasi, na ni jambo la kuigwa. Ila mazungumzo hayo, huko na huku, huwa baina ya serikali na wenye mali. Yule konda wa Manzese hakuwa na gari la kusalimisha. Alikuwa na sauti yake, kumbukumbu yake ya kila kituo na kila abiria wa asubuhi, na ujuzi wa kurudisha chenji gizani. Na katika hotuba nyingi za mageuzi nilizozisikia, sikumsikia akitajwa ila kama kero inayoondolewa. Mageuzi yanayompokonya mtu riziki yake bila kumwonyesha mlango mwingine hujitengenezea maadui, na hawa watakuwa na haki.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaa sasa katika viti tulivyoviacha, mnaopanga awamu zilizobaki na mnaotazama mji ambao watoto wenu watauzeekea: msingoje mkopo ndipo muanze. Ukanda wa njia za Chanika, Bunju, Kongowe na Kigamboni unaweza kuwekewa nguzo leo kwa fedha ya kawaida ya mwaka, na jina la mtu anayeutunza likabandikwa katika afisi ya kata ambapo kila raia atalisoma, na hakuna maji wala umeme wala stakabadhi ya kodi itakayotolewa ndani yake. Tengeni katika kila nauli sehemu ya kulinunua basi la badala, mkaiweke mahali ambapo haichukuliwi kwa shughuli nyingine hata iwe njema namna gani. Wapeni makonda na madereva kiti katika baraza lile lile wanamoketi matajiri wao, nanyi mkiajiri watu wa vituo na karakana, waanzieni wao. Andikeni sababu za kila uamuzi, si uamuzi peke yake, mkaziweke mahali pasipooza wala kuota kutu. Na kwa kuwa viwanja vya Chanika vinauzwa hivi sasa ninapoandika, anzeni na nguzo.